Diwani Aliyewamalizia Wenzake Maneno

Mtaani walimwita Kipaza, na jina hilo hakuliiba. Kwa miaka mingi hapakuwa na harusi wala mahafali yaliyofana bila yeye kuyasimamia. Alikuwa mshereheshaji. Akishika kipaza sauti, hata mgeni aliyekuja shingo upande alijikuta anapiga makofi. Alijua kuwaamsha waliosinzia, kuwatuliza waliozidiwa na vinywaji bila kuwaaibisha, na kumwokoa bwana harusi aliyesahau alichosimama kusema. Hilo la mwisho ndilo alilojivunia hasa. Mtu ulimi ukimwia mzito mbele ya watu, Kipaza alikuwa keshamdokezea neno kabla jasho halijamtoka. Watu wakacheka, msemaji akapona, muziki ukaendelea.

Mumewe alikuwa fundi wa makochi. Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba, na vipande vya sponji vilizagaa mpaka chumbani, vingine vikaingia hata kwenye sukari. Mtu wa maneno machache yule. Walipomuuliza anawezaje kuishi na mke mwenye mdomo kama ule, alijibu, "Mimi naongea na misumari, yeye anaongea na watu. Tumegawana kazi."

Uchaguzi wa baraza ulipokaribia, wanawake wa sokoni walimfuata Kipaza nyumbani. Walimwambia hivi: unatusemea kwenye furaha zetu, sasa tusemee na kwenye shida zetu. Akacheka, akawapa chai, wakaondoka. Kesho yake wakarudi, na safari hii hakucheka sana. Usiku alimuuliza mumewe anaonaje.

"Usiposimama," mumewe alisema, "utalalamika miaka mitano, na wa kusikiliza nitakuwa mimi."

Basi akasimama, na akashinda, tena kwa kura nyingi kuliko alivyotarajia.

Hapo ndipo mlango wake ulipokosa kupumzika. Watu walikuja kabla jua halijachomoza. Huyu taa ya barabarani imekufa, yule mwanawe amekosa nafasi shuleni, mwingine amegombana na shemeji yake juu ya ukuta wa choo na anataka Mheshimiwa aje aupime. Kipaza hakuwa na neno "hapana" kinywani. Kila aliyekuja aliahidiwa, na kila ahadi ilimfuata kitandani.

Barabara ya kata yake ilikuwa mbovu kiasi cha watu kuiita trei ya mayai. Asubuhi moja akiwa njiani kwenda sokoni, akaliona greda la baraza linapita barabara kuu. Akalisimamisha. Dereva alimfahamu vizuri, maana Kipaza ndiye aliyeisherehesha harusi yake na kuifanya ikumbukwe. Alipopanda na kukaa pembeni yake, akamwambia, "Mwanangu, kata kulia," yule dereva alishindwa aanzie wapi kukataa. Akakata kulia.

Greda likachonga mwanzo mwanzo, watu wakatoka majumbani wakishangilia, kisha likalipasua bomba la maji. Kata nzima ikashinda bila maji mpaka siku ya pili, na waliokuwa wakishangilia wakabeba ndoo.

Mhandisi wa baraza alimpigia simu jioni ile.

"Mheshimiwa, lile greda lina ratiba yake, na ratiba yake ninayo mimi."

"Lile greda ni la wananchi," Kipaza alisema.

"Kweli ni la wananchi. Ila mimi ndiye ninayejua mabomba ya wananchi yamepita wapi."

Kipaza akakata simu, akaenda kubeba ndoo yake.

Haukupita muda, madiwani wote wapya wakaitwa kwenye mafunzo. Yalifanyika kwenye ukumbi wa maktaba ya zamani, wenye feni iliyozunguka kwa kusitasita na viti vya plastiki vilivyolia kila mtu alipojigeuza. Mkufunzi alikuwa katibu wa baraza aliyestaafu. Wote walimjua kwa jina la Mzee Akidi, kwa sababu enzi zake hakuruhusu kikao kianze mpaka ahesabu vichwa na kuhakikisha akidi imetimia. Iliwahi kusemwa kwamba hata nyumbani kwake hawaanzi kula mpaka aseme wajumbe wanatosha. Sauti yake ilikuwa ya chini mno, na aliyetaka kumsikia ilibidi amsogelee. Siku ya kwanza Kipaza alikaa nyuma, siku ya pili akajikuta kiti cha mbele.

Mzee Akidi alianza na tofauti kati ya diwani na mtumishi wa baraza. "Diwani anauliza barabara itachongwa lini, kwa nini hii na si ile, na kwa fedha ipi," alisema. "Anapanga pamoja na wenzake, halafu anasimamia kilichopangwa kifanyike. Lakini hapandi greda."

Viti vya nyuma vikaanza kulia. Kipaza akasimama.

"Mwalimu, usinitafune kwa mafumbo. Aliyepanda greda ni mimi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee Akidi akavua miwani, akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Mwanangu, sikujua ni wewe. Huo ni mfano ninaoutumia kila ninapofundisha. Kila baraza lina greda lake."

Tangu hapo Kipaza akayapenda mafunzo yale. Alikuwa amekwenda akidhani atasomewa sheria mpaka asinzie, kumbe alikuwa anapewa majibu ya mambo yaliyomnyima usingizi. Alijifunza kwamba mwenye shida ya ukuta wa choo ana mahali pa kupelekwa, na mahali hapo si kwa diwani. Alijifunza kumwambia mtu "hili siliwezi, lakini anayeliweza ni fulani, twende nikuonyeshe mlango," na kwamba hilo nalo ni msaada. Alifundishwa pia mgongano wa maslahi, na jioni hiyo akamweleza mumewe wakiwa mezani.

"Baraza likitaka kununua viti, na wewe ukiomba kuvitengeneza, lazima niseme mbele ya wote kwamba wewe ni mume wangu. Kisha natoka nje, wanaamua bila mimi."

Mumewe akatafuna kwanza. "Utatoka nje, na utanyamaza?"

"Nitanyamaza."

"Hilo," alisema mumewe, "ningelipa kiingilio kuliona."

Kisha likaja zoezi la kikao cha mfano. Mzee Akidi alipanga meza kama za barazani, akachagua wa kuandika kumbukumbu, na kiti cha mwenyekiti akampa Kipaza. Hakuna aliyeshangaa. Hoja ya mazoezi ilihusu jalala la kubuni lililokuwa jirani na zahanati ya kubuni: walihamishe au waliache. Kipaza alifungua kikao kwa madaha, akawachekesha wajumbe, akakaribisha maoni. Aliyenyoosha mkono wa kwanza alikuwa Fundi Saa.

Huyu alikuwa diwani wa kata ya upande wa mtoni, mwanamume mwembamba aliyetengeneza saa kwenye kibanda kisichozidi upana wa mlango. Tangu mafunzo yaanze alikuwa hajazungumza. Sasa alisimama, akashika ukingo wa meza, na wote wakagundua kwa nini.

"Mwenyekiti," alisema, "na-napendekeza jalala hili li... li... li..."

Uso ukamkakamaa. Shingo ikamtoka mishipa. Kipaza aliliona jasho linakuja, na ulimi wake ukafanya ulichozoea kufanya.

"Lihamishwe," alimalizia kwa tabasamu. "Ahsante sana, Mheshimiwa. Nani anaunga mkono?"

Mikono ikapanda kama moto wa nyasi. Hakuna aliyepinga. Hoja ikapita, watu wakapiga makofi, na Kipaza mwenyewe akapiga, kwa kuwa alidhani amemwokoa mtu. Fundi Saa alibaki amesimama kidogo, kisha akakaa.

Mzee Akidi akauliza kwa ile sauti yake ya chini, "Mtoa hoja, hoja yako imepita. Umeridhika?"

Fundi Saa akatikisa kichwa. Akasimama tena. Kipaza alifungua mdomo, na Mzee Akidi, bila kumtazama, akainua kidole kumzuia. Ukumbi ukangoja. Feni ikazunguka, ikasita, ikazunguka.

"Ni-nilitaka kusema li... li... lisihamishwe," alisema Fundi Saa. "Li-lisihamishwe mpaka watu wa kule li-linakopelekwa waulizwe kwanza."

Mmoja alicheka, akajikuta anacheka peke yake, akaacha. Mzee Akidi akamgeukia mwandishi wa kumbukumbu. "Andika kwamba baraza limepitisha kinyume cha kilichopendekezwa, kwa kauli moja na kwa makofi." Hakuongeza neno. Akatangaza mapumziko ya chai.

Kipaza alihisi masikio yake yanawaka. Ni silabi moja tu alikuwa hajaisubiri, "si" ndogo isiyojaza hata kijiko, na jalala zima lilikuwa limehamia mlangoni kwa watu ambao hawakuulizwa. Alichukua kikombe chake, akamfuata Fundi Saa dirishani alikokuwa amesimama na kipande cha mkate.

"Kaka, nisamehe. Nilitaka kukusaidia."

"Najua, dada. Wo-wote wanaonimalizia wanataka kunisaidia." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Hivi ulishindaje?" Kipaza aliuliza, na mara akaona ameuliza vibaya. "Namaanisha kampeni. Mikutano yote ile, majukwaa..."

"Si-sikupanda jukwaa. Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Mimi nasema, wao wa-wananisubiri. Mtu akishasubiri umalize, hasahau ulichosema." Akanywa chai. "Dada, wewe unaogopa kimya?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Kipaza alifikiri. "Kwenye kazi yangu, kimya kikiingia ukumbini, ujue sherehe imekufa na mlipaji ananitafuta."

Fundi Saa akacheka, na katika kucheka hakuwa na kigugumizi hata kidogo. Kipaza naye akacheka. Wakamaliza chai yao pale dirishani wakizungumzia bei za sare za shule, na mara mbili Kipaza alijiuma ulimi ili asimalizie.

Jioni alimsimulia mumewe yote. Fundi wa makochi alikuwa na misumari mdomoni, akigongelea kitambaa cha kiti. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitoa misumari mmoja mmoja.

"Hata mimi uliwahi kunimalizia," alisema.

"Lini?"

"Siku nilipokuja kwenu mara ya kwanza. Nilisimama mlangoni nikasema, 'Nimekuja ku...', ukasema, 'Mama, amekuja kuniposa.'"

"Kwani ulikuja kufanya nini?"

"Kuchukua kochi la mama yako. Lilikuwa limevunjika mguu."

Kipaza alimtazama usoni aone kama ni utani. Mumewe alikuwa keshairudisha misumari mdomoni.

"Miaka yote hii hukusema?"

Akaongea kwa pembe ya mdomo. "Sikuona hasara."

Siku iliyofuata Kipaza aliomba mwingine akalie kiti cha mwenyekiti. Mzee Akidi alikataa. "Aliyeanguka na baiskeli ndiye anayepandishwa tena," alisema. Basi Kipaza akaketi, akaweka mikono yote miwili chini ya mapaja, akaanza.

Haikuwa rahisi. Mtu akisita, neno lilimpanda Kipaza kooni kama kwikwi. Mara moja lilimtoka kabisa, Mzee Akidi akakohoa, naye akaomba radhi. Fundi Saa aliposimama, Kipaza alikaza macho kwenye kalamu iliyokuwa mbele yake na kusubiri. Fundi Saa akamaliza. Alisema jambo zima, lenye mwanzo na mwisho, na katikati mlikuwa na fikra ambayo Kipaza asingeweza kuikisia hata angepewa mwaka mzima: jalala lizungushiwe ukuta kwanza, kwa kuwa hata likiamuliwa kuhama, kuhama kwenyewe kutachukua muda, na wagonjwa wapo leo.

Na jambo lingine likatokea ambalo hakulitazamia. Baada ya Fundi Saa kukaa, Kipaza hakudaka neno upesi kama kawaida yake, na kikapita kimya. Ndani ya kimya hicho, mama mmoja muuza mbao, ambaye tangu siku ya kwanza alikuwa anakaa karibu na mlango kama mtu anayepita tu, alinyoosha mkono. Akasema yeye amekulia jirani na jalala. Aliyoyaeleza yaliwafanya wajumbe waache kuchezea simu zao. Hoja ikabadilishwa, ikaongezwa, ikapita kwa kura chache zaidi kuliko ile ya kwanza, wala hapakuwa na makofi. Mzee Akidi aliandika kitu ubaoni, akakifuta, akasema, "Leo kulikuwa na kikao."

Mafunzo yakaisha. Kila mmoja akarudi kwenye kata yake na watu wake wa alfajiri. Kipaza, kabla ya jambo lingine, akamwandikia mhandisi barua kuuliza barabara ya kata yake itaingia lini kwenye ratiba.

Kikao cha kwanza cha baraza lenyewe kilikuwa kirefu na chenye joto. Kuelekea mwisho likaletwa pendekezo la kuhamishia soko la mboga kwenye uwanja wa upande wa mtoni, yaani kwenye kata ya Fundi Saa. Ramani ilikuwa nzuri, ya rangi rangi. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mtu mwema lakini mwenye haraka, na njaa ilikuwa imeanza kumshika kila mtu. Fundi Saa akasimama.

"Mwenyekiti, uwanja ule u... u... u..."

"Nadhani Mheshimiwa anatuambia kwamba uwanja ule unafaa," mwenyekiti alidakia, akigeuza ukurasa.

Kipaza alijikuta amesimama. Wenzake waliomjua walijiweka sawa vitini wakitarajia hotuba.

"Mwenyekiti, utaratibu," alisema. "Mjumbe hajamaliza." Akakaa.

Mwenyekiti akamtazama, akamtazama Fundi Saa, akarudisha ukurasa. "Samahani, Mheshimiwa. Endelea."

"U-unafurika," alisema Fundi Saa. "Kila msimu wa mvua. Maji yanafika ha-hapa." Akaonyesha gotini. Kisha akauliza mitaro itachimbwa kwa fedha ipi, na kama wauza mboga wenyewe wameuona uwanja huo mvua inaponyesha.

Mhandisi aliitwa ajibu. Alikiri kwamba mitaro haimo kwenye makadirio. Likazuka zogo kidogo, likatulia, na baraza likaamua jambo lisubiri mpaka uwanja upimwe na wauza mboga wapelekwe wakauone. Mwenyekiti mwenyewe akaongeza kwamba wapelekwe siku ya mvua.

Nje, mhandisi alimkuta Kipaza akitafuta miwani ndani ya mkoba. "Mheshimiwa, upimaji ule niliuomba mimi nikaambiwa hakuna muda. Ahsante." Akakuna kidevu. "Na ile barabara yako, barua yako niliipata. Imeingia kwenye mpango wa baada ya mvua. Tutaanza kwa kuhamisha bomba."

"Nami nitakaa kwangu, sipandi greda," alisema Kipaza. Wakaagana wakicheka.

Siku chache baadaye aliitisha mkutano wa wakazi kwenye uwanja wa shule. Aliwaeleza baraza limeamua nini, lini barabara yao itafikiwa, na nini hakitawezekana mwaka huu. Hilo la mwisho alilisema bila kulipaka sukari. Kisha akauliza, "Nyinyi mnasemaje?" na akanyamaza.

Watu wakatazamana. Kimya kikarefuka. Mama mmoja wa sokoni, aliyekuwa mstari wa mbele wakati wa kampeni, akasogea karibu na kumuuliza kwa sauti ya huruma, "Mwenzetu, unaumwa?"

"Siumwi, dada. Nasikiliza."

Basi wakasema. Wakasema kuhusu giza la njia ya zahanati, kuhusu mwalimu mkuu anayefunga geti mapema, kuhusu mambo ambayo Kipaza, aliyezaliwa na kukulia palepale, hakuwa akiyajua. Vijana waliokaa ukutani wakasogea. Mwishowe akasimama mzee mmoja akaanza kueleza habari za mbuzi wa jirani yake, tangu mbuzi wa kwanza, mama yao, na uzao wake wote, huku Kipaza akiitikia kwa kichwa kwa adabu na wengine wakianza kukunja viti. Mzee Akidi alikuwa amewafundisha kusubiri, lakini alisahau kuwafundisha namna ya kusimamisha mbuzi.

Aliporudi nyumbani mumewe alikuwa ameshapika na chakula kimeanza kupoa. "Umechelewa," alisema, akimvutia kiti. "Mkutano ulikuwaje?"

Kipaza alivua viatu, akanyoosha miguu. Alikuwa amechoka ule uchovu mtamu wa mtu aliyetoka kwenye kazi yake mwenyewe.

"Kaa nikusimulie," alisema. "Na leo ukitaka kuuliza swali, uliza mpaka mwisho."

Mumewe akapakua, akakaa, akafikiri swali la kuuliza.